Breki Haivutwi, Hukamuliwa

Abiria wa bodaboda aliyevaa kofia ngumu ana kipimo chake cha dereva, nacho ni mgongano wa kofia mbili. Dereva akifunga breki, pikipiki hupungua mwendo lakini mwili wa abiria bado una safari yake, na kofia ya nyuma huenda kuipiga ya mbele: ko! Mwenye kupanda kila siku huizoea hiyo ko kama anavyoyazoea matuta. Nami niliizoea, mpaka siku niliposhuka Mjimwema, nikalipa, nikapiga hatua kumi, kisha nikasimama nikijiuliza ni nini kimepungua. Njiani daladala lilikuwa limesimama mbele yetu bila taarifa ili kumshusha mtu. Mbele kidogo mbuzi wawili walikatiza barabara wakikimbizwa na mtoto. Mara zote mbili tulisimama ghafla, tena karibu sana. Kofia yangu haikuigusa yake.

Kesho yake nilikwenda kumtafuta.

Kijiwe chake kiko Kigamboni, pale Ferry, mahali pantoni linapofungua mlango na kumwaga watu. Vijana humwita Mzee, ingawa hajafika sitini, nami nikafuata. Pikipiki yake ni Boxer ya kawaida, tanki limepauka kwa jua la pwani, kiti kimeshonwa upya mara mbili. Wenzake wanapogombea abiria kwa sauti, yeye hukaa juu ya kiti, vidole viwili vya mkono wa kulia vikiwa kwenye kishikio cha breki ya mbele, akikiminya na kukiachia, akikiminya na kukiachia, kama mtu anayehesabu tasbihi. Nilidhani ni namna yake ya kusubiri. Ilinichukua wiki kadhaa kujua kwamba yuko mazoezini.

Vijiweni sifa hugawiwa kwa mwendo: nani alitoka Ferry mpaka Kibada kwa dakika ngapi, nani alilipita lori kwenye kona na kurudi upande wake akicheka. Sijasikia mtu akisifiwa kwa kusimama. Aliyekimbia ana la kusimulia. Aliyesimama vizuri hana, maana hakuna kilichotokea. Ndiyo sababu nimeandika haya.

Kazi ya Mzee huanza kabla jua halijapanda. Huchuchumaa mbele ya pikipiki na kuusukuma pembeni ule mpira mdogo unaofunika mdomo wa waya wa breki, akautazama waya pale unapoingia kwenye kishikio. Kamba hukatikia pabovu, na ubovu wa waya wa breki huanzia hapo, unapojikunja maelfu ya mara kila siku. Akiona uzi mmoja wa chuma umesimama kama unywele, siku hiyo haanzi na abiria, anaanza na duka la spea. Waya ukiwa mzima huudondoshea oili tone moja. Kisha huzungusha nati ya kurekebishia, robo mzunguko tu, mpaka kishikio kibaki na nafasi ndogo kabla breki haijaanza kushika. Nafasi ikizidi, vidole hufika kwenye usukani wakati pikipiki bado inakwenda. Ikikosekana kabisa, breki huburuza njia nzima na dramu hupata moto bure.

Ndani ya ile dramu kuna breki shuu mbili zenye umbo la mwezi mchanga. Dereva akiminya, waya huzungusha kichuma kinachozipanua, nazo husugua ukuta wa dramu. Hakuna zaidi ya hapo. Ni mtambo rahisi, na kwa urahisi wake unamtegemea mwenye kuutunza: vumbi likijaa, breki inalia, maji yakiingia, inateleza. Akitoka kuosha pikipiki au kuvuka dimbwi, Mzee hushika breki kidogo huku anaendelea kwenda, mita mia hivi, ili joto la msuguano likaushe ndani. Mara ya kwanza nilidhani anasitasita njiani. Kumbe alikuwa anajirudishia breki yake kabla hajaihitaji.

Jumapili, kabla ya saa moja asubuhi, yeye na vijana wawili wa kijiweni huenda upande wa Kibada, kwenye kipande cha lami ambacho saa hizo hupitwa na kuku tu. Huweka makopo mawili ya rangi yaliyokwisha, moja kila upande, kama goli la chandimu. Kazi ni moja: kuja kwa kilomita 40 kwa saa, kuanza breki gurudumu la mbele linapofika kwenye makopo, kisha kuhesabu hatua za mguu kutoka hapo hadi pikipiki iliposimama.

Siku ya kwanza alinionyesha mambo mawili bila hotuba. Alikuja akatumia breki ya nyuma peke yake, ile ya mguu. Nilihesabu hatua 27. Akarudi, akaja tena kwa mwendo uleule, akatumia zote mbili. Hatua 13.

"Mdogo wangu," akaniuliza, "ukijitwika ndoo ya maji halafu ukasimama ghafla, maji yanakwenda wapi?"

"Mbele, Mzee."

"Haya. Na uzito wa pikipiki je?"

Pikipiki inapopungua mwendo, uzito wa chuma, dereva na abiria hulalia gurudumu la mbele. Tairi la mbele hubanwa kwenye lami likapata nguvu ya kushika. La nyuma hubaki jepesi, na jepesi haliwezi kushika kitu. Kwenye breki kali, gurudumu la mbele hufanya takriban asilimia 70 ya kazi, na mara nyingi zaidi ya hapo. Hata hivyo wengi tulifundishwa kinyume. Aliyenifundisha mimi kuendesha, miaka mingi iliyopita, aliniambia breki ya mbele inabinua, nisiiguse. Yeye naye alikuwa ameambiwa hivyo na mwingine.

Na hilo si la kwetu peke yetu. Mwaka 1981 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, wakiongozwa na Harry Hurt, walitoa ripoti ya ajali za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Walikuwa wamechunguza kwa undani ajali 900 na kusoma taarifa za polisi 3,600. Wakakuta kwamba dereva aliyepata ajali kwa kawaida alikuwa ameikanyaga ya nyuma mpaka gurudumu likafunga na kuserereka, huku ile ya mbele, ambayo ingemwokoa, akiigusa kidogo au asiiguse kabisa. Asilimia 92 ya madereva hao walikuwa wamejifunza wenyewe, au kwa ndugu na marafiki. Muda waliokuwa nao, tangu hatari ijitokeze mpaka kishindo, ulikuwa chini ya sekunde mbili. Katika muda huo hakuna anayefikiri. Mkono hufanya unachokijua, na kama haujui kitu, mguu hukanyaga.

Hata hivyo, uoga wa breki ya mbele una chembe ya ukweli. Ukiinyakua, gurudumu la mbele hufunga kabla uzito haujafika juu yake. Tairi huteleza, usukani haukusikii tena, na uko chini kabla hujasema lolote. Kosa liko kwenye kunyakua. Mzee ana neno lake moja, na vijana wake hulirudia mpaka wanalifanyia mzaha: "Breki haivutwi, hukamuliwa." Ukamue kama tui. Aliyekua pwani anajua kwamba kifumbu hakishambuliwi. Mkono hukikusanya kwanza, ukaisikia nazi ndani, ndipo ukaongeza nguvu, na nguvu kubwa kuliko zote huja mwishoni. Anayeanza kwa nguvu hupasua kifumbu, na tui huishia mchangani.

Jumapili moja niliamua kutotazama pikipiki wala makopo. Nilikaa chini kando ya lami, karibu na pale anapoanzia breki, nikatazama vidole tu. Aliporudia kwa mara ya saba au ya nane nikaanza kuona. Vidole viwili vinafika kwenye kishikio na kumaliza ile nafasi ndogo aliyoipima asubuhi. Hapo breki imeshika kwa wepesi wa kumgusa mtu begani. Shokapu za mbele zinazama, na tairi linabonyea kidogo, likitanua unyayo wake juu ya lami. Hapo tu, gurudumu lilipokwisha kupokea mzigo, vidole vinaongeza, vinaongeza, mpaka ngozi ya kucha inakuwa nyeupe. Yote haya hutimia ndani ya muda wa kupepesa jicho mara mbili. Mguu wa kulia nao ulikuwa umeshuka kwenye pedeli tangu mwanzo, lakini unafanya kinyume: unakanyaga, kisha unapunguza, kadiri gurudumu la nyuma linavyokuwa jepesi. Na mwisho kabisa, pikipiki ikibakiza nusu mita, vidole vinalegea kidogo. Shokapu zinainuka taratibu badala ya kuruka.

Ndipo nikaelewa kofia yangu. Ile ko huzaliwa pale breki inapokuja yote kwa mara moja, abiria akiwa hajui. Mzee humwarifu abiria kwa mgongo wake: ule mguso wa kwanza mwepesi humfanya aliyekaa nyuma akaze tumbo na magoti bila kujijua, na breki kali inapofika, mwili uko tayari. Sekunde hiyohiyo anayoitumia kuliandaa tairi, anamwandaa na mtu.

Zamu yangu ilipofika nilijiona najua. Nilikuja kwa 40, makopo yakanifikia upesi kuliko nilivyotaka, na mguu ukanitangulia. Tairi la nyuma likalia, kiti kikahama kushoto chini yangu, na nilipopata akili nilikuwa nimesimama mshazari, nimeshika usukani kama mtu anayening'inia mtini. Hatua 24, na mstari mweusi barabarani. Mzee akauendea ule mstari, akausugua kwa kidole gumba, akanionyesha weusi wake.

"Huu ni mpira wako, umeuacha hapa. Tairi linalozunguka linashika lami. Lililofunga linateleza tu."

Nilirudi Jumapili tatu zaidi. Hatua zikashuka hadi 19, kisha 17, kisha 15. Kumi na tatu sijaifikia. Kila nilipokazana kuifikia nilinyakua, na kila niliponyakua hatua zilipanda.

Kuna hesabu ambayo Mzee huifanya kwa makopo, bila karatasi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, njia ya kusimamia huongezeka mara nne. Kwenye lami kavu, na mkono uliofundishwa, pikipiki inayokwenda kilomita 30 kwa saa husimama kwa kama mita 5 tangu breki ishike. Ikiwa inakwenda 60, inataka kama mita 20. Hiyo ni breki tu. Bado hujahesabu muda wa kuona na kuamua. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo wa kisheria kwenye makazi ya watu Tanzania, kila sekunde inakula karibu mita 14. Mtu mwenye vidole vyote vinne kwenye mafuta anahitaji muda wa kuvinyoosha, kuvihamisha na kukikuta kishikio. Nusu sekunde ikipotea hapo, mita 7 zimekwenda, zaidi ya urefu wa Hiace nzima. Ile tasbihi ya kijiweni ilikuwa na maana hiyo: vidole viwili visiwe wageni wa kishikio.

Ufundi huu hubadilika na barabara, kama mpishi anavyobadili moto. Akiwa na abiria mzito, Mzee huongeza kazi ya breki ya nyuma, kwa sababu gurudumu lile sasa lina uzito wa kulishikisha chini. Akipakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, hafanyi kitu, kwa kuwa hapakii mishikaki. Kwenye mchanga uliosambazwa na upepo juu ya lami, mambo ambayo Kigamboni hayaishi, huanza mapema na kwa upole, akiegemea zaidi ya nyuma, na hushika breki pikipiki ikiwa wima, si ikiwa imelala kwenye kona. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi anaiogopa kuliko masika yenyewe: oili na vumbi la miezi vinaelea juu ya lami kabla ya kuoshwa, na rangi nyeupe ya kivuko cha watembea kwa miguu inakuwa sabuni. Gurudumu la mbele likianza kufunga, vidole hulegea papo hapo na kukamua upya. La nyuma likifunga na pikipiki ikakaa upande, haliachii ghafla. Likishika tena lami wakati pikipiki imekaa mshazari, hujinyoosha kwa nguvu na kumrusha dereva juu kama gunia.

Viwandani wameijenga akili ya mkono huu kwa vifaa vya umeme. BMW ilianza kuuza pikipiki yenye ABS ya kielektroniki mwaka 1988: kifaa kinachohisi gurudumu linakaribia kufunga, kikalegeza breki na kuikaza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Umoja wa Ulaya uliilazimisha kuanzia 2016 kwa aina mpya za pikipiki zenye injini inayozidi cc 125, na India, zinakotoka Boxer na TVS zetu, ikaweka sharti kama hilo mwaka 2019. Nilipomweleza Mzee habari hizi alisikiliza kwa makini, akauliza bei, kisha akacheka. Pikipiki nyingi zinazobeba watu wa mji huu hazina kifaa hicho, na zitaendelea kuwa barabarani kwa miaka. Kwa sasa ABS yetu ina kucha na sugu.

Na mkono nao hukosea. Kwenye kiwiko cha kushoto Mzee ana kovu pana, linalong'aa kama mfuko wa plastiki. Alilipata miaka mingi nyuma, akiwa nyuma ya lori, alipoamua, kama wasemavyo vijana, "kuilaza". Watu husimulia kuilaza pikipiki kama ujanja: niliona siwezi kusimama, nikailaza. Yeye haufichi upuuzi wake. Chuma na plastiki huteleza juu ya lami mbali kuliko mpira ulioshikwa breki vizuri. "Siku ile nilikuwa na nafasi ya kusimama," aliniambia. "Niliiuza kwa kujitupa chini." Kofia ngumu ndiyo iliyomrudisha nyumbani, na hana ubishi nayo: tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Abiria wake akikataa kuivaa kwa sababu ya nywele zilizosukwa jana, yeye humpa pole na kumwonyesha mwenzake anayefuata kwenye foleni.

Miezi miwili iliyopita nilipanda bodaboda ya kijana mmoja kutoka Ferry, na Mzee alikuwa mbele yetu, amembeba mama aliyekuwa akizungumza na simu kwa sauti ya kusikika mpaka kwetu. Ilikuwa habari ya mchango wa arusi na mtu aliyeahidi asilete. Tulipokaribia kibanda kimoja cha chapati, mtoto wa miaka kama mitano alichomoka nyuma ya kibanda na kuingia barabarani, macho yake yakiwa upande wa pili. Nikaiona mbele ya Boxer ikiinama. Hakukuwa na mlio wa tairi. Ilizama, ikakaa, ikasimama imenyooka, na kati ya gurudumu na mtoto palibaki mahali pa kulaza fimbo. Kijana wangu naye alinyakua, tukayumba, kofia yangu ikaipiga yake: ko!

Mtoto akakimbia, akaacha kandambili moja katikati ya lami. Mzee akangoja. Mtoto akarudi kwa aibu, akaiokota, akaenda zake. Muda wote huo yule mama hakuikata simu. Mkono mmoja tu ulikuwa umeshika bega la dereva, na aliyeahidi mchango alikuwa bado anasemwa. Aliposhuka alitoa noti ya elfu moja, akaenda zake bado akiongea.

Nikamfuata Mzee nikiwa na maneno mengi ya kumsifu. Nilitaka kumwambia nimeiona, nimeihesabu, zile zilikuwa hatua zisizofika kumi. Hakunipa nafasi. Alikuwa amekunja uso, anatazama tulikotoka.

"Leo nimechelewa," akasema. "Pale kwenye chapati watoto wako kila siku. Nilitakiwa niwe nimeachia mafuta tangu kwenye ule mwembe."

Akageuza pikipiki kuelekea Ferry, ambako pantoni lilikuwa linapiga honi. Vidole viwili vilikuwa vimesharudi kwenye kishikio.